Lile tangazo la TV kuhusu fedha za shule
Wazazi wenzangu wa Uyole, shikamooni na habari za jioni. Tangazo linadai shule ya msingi inapokea Sh 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka. Si kweli: Sh 4,000 hubaki serikali kuu kununulia vitabu, shuleni zinafika Sh 6,000. Shule ya watoto 800 ni Sh 400,000 kwa mwezi. Chaki, mitihani, ukarabati, vyote humo humo.

Atakayeliona tena arekodi tangazo lote, nembo ya kituo ionekane, aandike tarehe, saa na maneno yenyewe. Kipande kilichokatwa hakithibitishi kitu. Pigeni picha mapato kwenye ubao wa matangazo wa shule. Barua ya malalamiko inaanzia kwenye kituo hicho cha TV. Wakinyamaza, tunaenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji; ofisi yake ya kanda iko hapa hapa Mbeya. Tafadhali, tangazo hilo msilisambaze.