Kabla Hujamchorea Mgombea

Mwanangu,

Sisi wazima, ila goti la mama yako linamsumbua tangu mvua zianze.

Umeniuliza kama uipokee kazi ya kumchorea mgombea katuni za kampeni. Siasa siijui, mimi fundi seremala. Lakini kile kitabu cha picha ulichoniachia nimekimaliza, na aliyenikaa kichwani ni yule mchora katuni Mwingereza, James Gillray. Maneno yote aliyachora kinyumenyume kwenye bamba la shaba, ili yakichapwa yasomeke sawa! Mkono ule sijui aliuzoeza vipi.

Mwaka 1792 alimchora mrithi wa ufalme amemaliza kula, tumbo linataka kung'oa vifungo, anachokonoa meno kwa uma. Nyuma yake chungu cha kukojolea kimekalishwa juu ya madeni yasiyolipwa. Nilicheka hadi mama yako akaamka. Picha kama hizo zilibandikwa dirishani mwa duka la Hannah Humphrey, London, wapita njia wakijazana kutazama bure.

Sasa sikiliza. Kuanzia 1797 serikali ikawa inampa Gillray pauni 200 kwa mwaka. Ufundi haukumtoka, la. Ile ya 1805, Pitt, waziri mkuu wa Uingereza, na Napoleon wa Ufaransa wanaikata dunia mezani kama keki, kila mmoja na pande lake, wachoraji wanaiiga hadi leo. Na Fox wa upinzani, Gillray alikuwa akimsakama tangu zamani, kabla hata ya hizo pesa. Lakini ukishalipwa, nani atajua lipi ni lako na lipi ni la bosi?

George Cruikshank, mchora katuni mwingine wa London, yeye alikuwa na ujanja wake. Mwaka 1820 yule mchokonoa meno ameshakuwa mfalme, George wa Nne. Cruikshank akapewa pauni 100, akaahidi kutomchora katika hali ya aibu. Mwaka huohuo akamtoa amelewa chakari! Pesa amekula, picha ametoa. Mama yako anasema huyo ni tapeli. Mimi bado sijaamua.

Wewe muulize mgombea wako: akishinda, utaweza kumchora na kitambi chake? Akianza kukohoa kohoa, usisaini, njoo kwanza tuzungumze. Meza yako ya kuchorea nimeshaipiga randa, imebaki vanishi tu.

Baba yako