Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: mifupa ya Minjingu isiishie yote kwenye kisagio

Mheshimiwa Waziri, shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi ni mkulima tu huku Manyara, nisamehe kama kuna protokali nimeiruka. Mwaka 2024 wanasayansi wa Marrakech, Paris, Bath na kwingineko walitangaza mnyama mpya wa baharini kutoka Morocco, wamemwita Khinjaria acuta. Urefu mita 7 mpaka 8, ndugu wa hawa kenge tunaowafukuza kwenye mabanda ya kuku ila huyu alikua anaishi baharini, meno marefu yamechongoka kama hanjari, na aliishi miaka kama milioni 66 hivi iliyopita, yani pale pale mwishoni kabla dainosaria hawajatoweka. Nakuandikia wewe na sio mwenzako wa utalii kwasababu huyu mnyama katoka mgodini, mgodi wa mbolea kabisa.

Eneo lenyewe linaitwa Sidi Chennane, upande wa mji wa Khouribga. Wanachimba fosfeti, yale madini ya kutengenezea mbolea, na Morocco ndo nchi yenye akiba kubwa ya fosfeti kuliko zote duniani. Zamani pale palikua bahari, kwahiyo kijiko cha mtambo wa kuchimbia kikishuka kinakutana na samaki, papa, kasa na haya mijusi makubwa. Mwaka 2022 katoka Thalassotitan atrox, mkubwa kuliko huyu Khinjaria, meno yake yamesagika na kuvunjika, wanasema alikua anakula mijusi wenzake wa baharini. Mwaka 2013 katoka kasa ambaye fuvu tu lina sentimita 70, wakampa jina Ocepechelon kutokana na OCP, lile shirika lao la fosfeti (fikiria Mheshimiwa, shirika la mbolea limepewa kasa wake, hiyo ni promo gani ya kununua?). Alafu ukipanda tabaka za juu, enzi za mijusi zimeshapita, ndo kuna Phosphatherium aliyetangazwa 1996, mmoja wa ndugu wa kale kabisa wa tembo, kamnyama kadogo tu. Sisi tunaouza tembo kwenye kila bango, ukoo wake unasomwa kwenye fosfeti ya watu wengine.

Sasa njoo Minjingu, kwenye mgodi wetu wa fosfeti huku Manyara. Mbolea ya Minjingu kila mkulima anaijua, mi mwenyewe naimwaga shambani. Wangapi wanajua ile fosfeti imetokana na ndege na samaki wa ziwa la zamani, wakati Ziwa Manyara lilikua kubwa kuliko lilivyo sa hivi? Mifupa ya mnandi, yule ndege wa majini anayekula samaki, imejaa mle, na 1991 aina moja ya mnandi aliyekwishatoweka ilitangazwa kutoka hapo hapo, Phalacrocorax kuehneanus. Najua mnandi sio mjusi wa mita 8, na umri wa Minjingu ni mdogo sana ukilinganisha na Khouribga, lakini ni mambo yale yale, madini yamechanganyika na mifupa na kazi ya mgodi ni kuyasaga. Siwalaumu wachimbaji hata kidogo, bila mgodi hiyo mifupa nani angeiona.

Na sisemi tuige kila kitu cha Morocco maana na wao wana shida zao. Kule mifupa mingi inapita kwa wafanyabiashara kabla haijafika kwa mtaalamu. Mwaka 2021 ilitangazwa aina inaitwa Xenodens kwa kipande cha taya chenye meno kama msumeno, 2024 watafiti wengine wakaandika kwamba wanashuku lile taya limechezewa, wakataka lipigwe siti-skani. Na mwaka 2017 mifupa ya mnyama mwingine wa baharini wa kutoka kwao ilikutwa inapelekwa mnadani Paris, mpaka Morocco walalamike ndo ikaondolewa. Sisi mifupa yetu ya dainosaria wa Tendaguru, kule Lindi, iko Berlin Ujerumani zaidi ya miaka 100 sasa, hilo somo tulishalilipia ada.

Ninachoomba ni kidogo. Kwenye leseni ya kuchimba fosfeti liwekwe sharti kwamba mfupa ukionekana mzima au fuvu likitokea, kijiko kinasimama pale, inapigwa picha, inaandikwa umetoka tabaka gani na kina gani, alafu anaitwa mtaalamu. Awepo mtu mmoja hata wa kuja kila mwezi, vijana wa jiolojia wapo mtaani hawana ajira. Na vipande vizuri viende Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Arusha, watoto wetu waone mbolea ya baba zao ilikua nani.

Nakala nampa Waziri wa Maliasili na Utalii, kwasababu mambo ya kale yako kwake na leseni ziko kwako, na fuvu likitokea saa nne asubuhi dereva wa kijiko hajui ampigie nani kati yenu.