Kabla hujasema "anyongwe tu"

Mwanangu, sijakujibu kule kwenye grupu la familia maana shangazi zako wangeanza kelele, nakuandikia huku pembeni. Uliandika kuhusu yule mtuhumiwa "anyongwe tu, wataalamu wameshathibitisha", nikasoma mara mbili, nikasema huyu ndo wangu kweli? Na ndo kwanza anaingia zimamoto, kesho keshokutwa yeye ndo anaandika ripoti nyumba ya watu imeunguaje.

Ile chemni ya bibi yako hapa Ngamiani si unaikumbuka? Nilikuwa na miaka tisa hivi, asubuhi kioo chake kikakutwa kimepasuka, bibi yako akasema kimegongwa na anayechezeaga taa ni mimi, nikala bakora mpaka jirani akaja kuniombea. Masika iliyofuata amekaa mbele ya taa inawaka, paa la makuti likavuja, tone moja la maji kwenye kioo cha moto, ta! Akaninyamazia siku nzima, jioni akaniletea kashata. Ndo ilikuwa samahani yake hiyo.

Sasa kuna baba Marekani kioo kama hicho kilisaidia kumuua. Cameron Todd Willingham, wa Corsicana kule Texas. Tarehe 23 Desemba 1991 nyumba yake iliungua, yeye akatoka, mabinti zake watatu wakafia ndani, mkubwa miaka miwili na mapacha wa mwaka mmoja. Wachunguzi wakakuta vioo vya madirisha vina nyufa nyembamba kama utando wa buibui, sakafu imeungua mabakamabaka kama kuna kitu kimemwagwa, wakasema moto huu umewashwa makusudi. Kumbe zile nyufa zinatokea maji ya zimamoto yakipiga kioo cha moto, na chumba joto likipanda sana kila kitu kinashika kwa mpigo, sakafu nayo inapata mabaka bila hata tone la petroli, haya wewe unayajua kuliko mimi. Wale sidhani kama walikuwa waongo, walirithishwa hivyo na waliowatangulia wakaamini, na hapo ndo ninapoogopa mimi, maana muongo angalau anajua anadanganya.

Akahukumiwa kifo. Siku chache kabla hajauawa, mtaalamu wa moto anaitwa Gerald Hurst aliandika kwamba hakuna kinachoonyesha moto uliwashwa na mtu. Ripoti ikafika kwa wakubwa, wapi. Tarehe 17 Februari 2004 Willingham akachomwa sindano ya sumu. Mwaka huohuo, Texas hiyohiyo, Ernest Willis naye wa kesi ya moto, ushahidi wa aina ileile, akaachiwa baada ya miaka 17. Tofauti yao ni nini sasa?

Na usiniambie hayo ya Marekani. Kwetu hajanyongwa mtu tangu 1994, ila sheria ipo palepale, ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia jaji anakusomea kunyongwa, na Mahakama ya Afrika hapo Arusha ilishasema 2019 kwamba kumnyima jaji nafasi ya kuchagua adhabu si haki.

Kwenye ripoti zako usipojua andika chanzo hakijajulikana, hata bosi akinuna.

Machungwa ya Muheza nimempa konda wa basi la asubuhi, kiroba kimoja, gawana na wenzio. Na nitumie tena picha ya yunifomu, ile ya kwanza umekata kichwa.

Mamaako