Barua kwa mwanangu Shabani: usiuze kidole chako

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Shabani,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukishasema "nimekuelewa, mama," najua ndiyo umeziba masikio, na hili si la kuzibia masikio.

Mtoto wa Mama Zuhura amerudi kutoka Dar. Alinikuta uani napepeta dagaa, akakaa, akaanza kunipa habari zenu za Mbagala. Akasema kuna watu wanawapa vijana elfu hamsini kwa laini moja ya simu. Kijana anataja namba yake ya NIDA, anaweka kidole, laini inasajiliwa kwa jina lake, anawaachia wao na kuondoka na noti zake. Akasema na wewe uliitwa. Nikamuuliza, alikwenda? Akaanza kuwasifu dagaa wangu walivyokauka.

Umeweka kidole, Shabani?

Nijibu hilo kabla hata ya kunishukuru kwa mzigo wa dagaa niliokutumia. Najua utasema, mama, laini tu hiyo, mimi sijamwibia mtu. Sikiliza. Wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha baba yako asome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Basi wale wanaotuma ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" wanahitaji namba, na kila namba ina jina. Bibi wa watu kule Kasulu akituma hela yake ya mbolea, jina litakalotokea kwenye simu yake ni lako, na la baba yako, na la babu yako ambaye watu wa Ujiji walikuwa wakimwekea amana zao bila maandishi. Aliyekupa elfu hamsini hana jina mahali popote. Polisi wakifuatilia wataanza na jina wanaloliona. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, na mimi hela ya wakili sina. Utakaa mahabusu unaapa kwamba hukujua, na wenzio wameshahamia kwenye laini ya kijana mwingine mwenye njaa.

Kama umeshaweka, usinifiche. Piga *106#, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo kwa kila laini uliyonayo. Kisha chukua kitambulisho, nenda kwenye duka la mtandao unaohusika, sema ukweli, hiyo namba ifungwe. Usingoje Jumatatu. Na ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyouleta. Haya nimeelezwa na binti wakala wa pale Mwanga. Nilimfuata makusudi, nikakaa kwenye benchi lake mpaka wateja wakaisha.

Sikatai kwamba huna hela. Chumba kinataka kodi, tumbo linataka chakula, na mjini hata maji yanauzwa. Kinachoniuma ni kwamba kila nikipiga unaniambia "mambo yanakwenda." Yanakwenda wapi? Ungeniambia tangu mapema kwamba hakuna usaili, kwamba unaingia kwenye tovuti ya ajira asubuhi na jioni hukuti kitu, ningejua la kufanya. Ungekuwa na kilo zako za dagaa chumbani zamani. Badala yake nasikia habari zako kwa mtoto wa jirani.

Hela ya haraka iliyo halali ninayoijua mimi ni ile inayolipwa jioni ya siku uliyoifanyia kazi. Kusaidia fundi. Kushusha magunia kwenye magari yanayofika alfajiri. Kuosha vyombo na kuchota maji kwa mama ntilie. Ya mama ntilie usiidharau, hata ujira ukiwa mdogo unakula pale pale, na mtu aliyeshiba si rahisi kukubali maneno ya watu wa laini. Kwa fundi patana kabla hujashika koleo: ni shilingi ngapi, na zinatoka leo au zinatoka lini. Akikuambia mwisho wa wiki, na wewe huna hata ya chai, mshukuru, tafuta mwingine. Wengi wamebeba zege wiki nzima na fundi akazima simu.

Unaona aibu, najua. Umesoma uhasibu, utaonekanaje na ndoo ya zege kichwani. Mwanangu, hapo mtaani kwenu nani anakujua? Na hata wakikujua. Baba yako alibeba mizigo bandarini hapa Kigoma na hakuna aliyeacha kumwita mzee. Uhasibu wako hautafutiki kwa kubeba zege.

Tena huo uhasibu ni hela, hujauangalia vizuri tu. Unakumbuka daftari la kikundi chetu ulivyolikuta. Mpaka leo wanawake wa pale Kibirizi wanasema mtoto wa Bi Mwajuma ndiye aliyetuonyesha hela zinapotelea wapi, na mimi nikisikia hivyo najikuta nimenyanyua kichwa. Sasa hapo Mbagala kuna maduka mangapi yana daftari kama lile? Mwenye duka la vinywaji, la vipuri vya pikipiki, la nafaka, wote wanakopesha na hawajui wanamdai nani. Usiende na bahasha ya maombi ya kazi. Nenda jioni duka linapofungwa, mwambie, nipe daftari lako la mwezi huu nilipange, ukiona lina faida kwako nilipe, usipoona basi. Mmoja akikukubali atakupeleka kwa mwenzake. Hiyo ndiyo kazi ya kukipa kidole chako, kushika kalamu.

Halafu mali kauli. Wewe uko karibu na Kariakoo, utakuwa unaiona. Mtu anachukua bidhaa dukani bila kulipa, anatembeza, jioni anarudisha fedha ya mwenye mali na kubaki na cha juu. Haitaki mtaji, inataka kuaminika, na kuaminika kunaanza na kitu kidogo: chukua soksi dazani moja, rudi saa uliyosema, hata kama umeuza jozi mbili. Kesho atakupa dazani mbili. Kazi ya uwinga nayo ipo, kumtafutia mteja bidhaa na kupata chako, lakini humo kuna wanaouza feki kwa jina la orijino. Ukiona unatakiwa kumdanganya mteja ndipo upate, toka.

Mali kauli ya kwanza nakupa mimi. Kwenye mfuko niliokutumia kuna kilo kumi za dagaa. Si zawadi, Shabani, ni mali yangu na hela yake naitaka. Nimewanunua wabichi mwaloni Kibirizi, ni wa siku za giza, vipe vya wavuvi viliporudi vimejaa. Sasa hivi mwezi umeanza kupevuka, taa hazivuti tena samaki, wavuvi watapumzika, na bei huku itapanda. Kwa hiyo usiwauze kwa pupa. Hawa nimewaanika kwenye nyavu za vichanja, hawakugusa ardhi, ndiyo maana hawana mchanga. Hilo ndilo la kumwambia mteja, na usiishie kumwambia, mpe mmoja atafune. Wafunge vifuko vidogo vya mboga ya siku moja, uanze na wapangaji wenzako na akina mama wa jirani. Mwenye mshahara atanunua kilo, lakini mwenye mboga ya siku ndiye atakayerudi keshokutwa. Usikopeshe kwenye mzigo huu wa kwanza. Wakiisha nitumie gharama yangu, faida kaa nayo, nami nitakuletea wengine. Usile mtaji. Kama umebanwa sana ukaula, sema, nitajua namna.

Usiweke mfuko sakafuni, chumba chako nakumbuka kina unyevu.

Jambo jingine, nalo linatoka kwa hao hao wenye kutaka hela ya usiku mmoja. Mikopo. Mtoto wa mwalimu hapa nyuma yetu alikopa kwa programu ya kwenye simu. Alipochelewa, ujumbe wa kumdhalilisha ukatumwa kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu yake, mpaka mimi nikaupata, mpaka imamu. Benki Kuu yenyewe, Novemba 2024, ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Mikopo ya kausha damu ya mtaani nayo unaijua. Mtu asiye na kipato akikopa kwa riba ya wiki, hajatatua njaa, ameihamishia wiki ijayo ikiwa imenenepa. Na anayekuambia utoe hela ya fomu au ya mafunzo ndipo akupe kazi, huyo anatafuta ajira kwako.

Mkopo ninaoukubali ni ule wa halmashauri, asilimia kumi ya mapato yao ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na hauna riba. Lakini sikudanganyi, huo si wa haraka. Unataka kikundi kilichosajiliwa, vikao, sahihi za ofisi ya kata. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudishwa mwaka uliofuata, na sisi tulioutegemea tuliona. Uanze kuutafuta ukiwa tayari unakula kwa jasho lako, usiukalie ukiungoja.

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, ulikuwa chuo na sikukueleza mambo yalivyokuwa. Niliishiwa. Vichanja vilibaki vitupu, na wale niliozoea kukaa nao mwaloni tukawa tunaangaliana. Nikaenda kwa mtu mwenye michikichi nikaomba kukamua kwa kugawana: yeye chikichi, mimi kuni, kuchemsha, kutwanga na kuengua mafuta. Dumu la kwanza lilipotoka niliuza kwa vikombe hapo barazani. Ndiyo hela uliyotumiwa Juni ile ukaniuliza mbona ndogo. Hakuna aliyenipa kwa jina langu, niliipata kwa mikono. Na kama mtu angekuja wakati ule na elfu hamsini akataka kidole changu? Namshukuru Mungu hakuja, kwa sababu Zaituni alikuwa na homa. Kwa hiyo nikikukataza, sikukatazi kama mtu asiyejua.

Kile kiwanja cha Gungu tulichokiuza tupate ada yako, usikibebe kichwani. Najua nani alikuwa anakitaja kila ulipokuja likizo. Hakitatajwa tena. Hudaiwi kiwanja hapa nyumbani, unadaiwa kurudi ukiwa na jina lako lile lile.

Kwa hiyo nauliza tena. Uliweka au hukuweka? Kama hukuweka, na huyo mtu akirudi na laki, jibu ni lile lile. Hata akisema ni akaunti ya benki siyo laini, hela ya ndugu yake ipitie kwako tu na wewe ubaki na kidogo, jibu ni lile lile. Hela ambayo mwenyewe hataki ipite kwenye jina lake, kwa nini ipite kwenye lako?

Baba yako mguu umepungua uvimbe lakini bado anachechemea, anakataa fimbo. Sijamwambia habari za laini. Nikimwambia atapanda treni na mguu ule ule. Bati la jikoni limeng'oka upande wa mchikichi, fundi ametaka fedha ambayo sina, nimeweka mawe juu kwa sasa kwa sababu mvua bado. Zaituni amekuwa wa tatu darasani, anataka umpigie umwambie mwenyewe hongera, mimi nikimwambia anasema nina upendeleo. Kuku wameliwa na kicheche, wamebaki majike mawili. Mama Zuhura anamwoza binti yake baada ya mavuno, mchango wako nitautoa mimi, usihangaike.

Mzigo nimeuandikisha ofisi ya basi, namba ya stakabadhi nitakutumia kwa ujumbe. Kauchukue siku hiyo hiyo unapofika, ukilala pale unaingiliwa na panya. Kifuko kilichofungwa kwa kitambaa chekundu ni cha shangazi yako wa Temeke, mpelekee, na ukifika kula, asikusikie umeshiba. Katikati kuna dumu dogo la mawese, lisimamishe wima, mfuniko wake haukazi vizuri. Ukishamimina, lioshe ulirudishe na basi, dumu ni la Mama Zuhura.

Nipigie ukishapiga *106#.

Mama yako