Ferris alilikuza gurudumu, hakulivumbua

Mhariri,

Makala yenu kuhusu magurudumu makubwa ya burudani nimeisoma kwa furaha, ila pale mlipomwita George Ferris mvumbuzi, naomba kupinga.

Mwaka 1892 William Somers alikwishasimamisha magurudumu ya mbao ya futi 50 huko Marekani, katika Atlantic City, Asbury Park na Coney Island, na watu wakilipa kuyapanda. Hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, aliipata Januari 1893. Gurudumu la Ferris lilianza kupakia abiria kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago Juni 21 mwaka huohuo. Hata Somers mwenyewe hakuwa wa kwanza: mwaka 1615, katika sherehe za Ramadhani, msafiri wa Kiitalia Pietro Della Valle alipanda chombo cha namna hiyo huko Constantinople (Istanbul ya leo).

Somers alimshtaki Ferris. Kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba mitambo yao ilitofautiana mno. Hapo siwezi kubisha. Ferris alikuwa mhandisi mzoefu wa madaraja ya chuma, na Daniel Burnham, msimamizi wa ujenzi wa maonyesho, alitaka kitu cha kuupiku mnara wa Eiffel wa Paris. Ferris akampa gurudumu lenye kimo cha mita 80, mabehewa 36, kila behewa watu 60. Ekseli, yaani chuma cha katikati ambacho gurudumu hulizungukia, peke yake ilikuwa na urefu wa karibu mita 14 na uzito wa zaidi ya tani 40. Ajabu zaidi ni kwamba ndani hamkuwa na mihimili minene. Vyuma vyembamba vilivyokazwa ndivyo vilivyoshikilia duara lote, kama spoku za baiskeli. Si ajabu wengi walidhani litaanguka upepo ukivuma!

Halikuanguka. Lilichelewa wiki saba tangu maonyesho kufunguliwa, na nauli yake ya senti 50 ililingana na kiingilio cha maonyesho yenyewe, lakini zaidi ya watu milioni moja walilipanda.

Mmeruka pia kilichofuata. Ferris aliingia mahakamani na waandaaji akidai wamemdhulumu mapato, akafa kwa homa ya matumbo mwaka 1896, akiwa na miaka 37. Gurudumu likahamishiwa maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904, na miaka miwili baadaye likalipuliwa kwa baruti, likauzwa chuma chakavu.

Mkirudia mada hii, mtajeni Somers, japo kwa mstari mmoja.

Msomaji wenu,
Tanga