Kwa kijana wa kituo cha wageni, msitu wa Kakamega

Ndugu uliyetupokea pale Isecheno Jumamosi ile ya mvua, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nilikuwa na mama, goti lake bovu, simu yangu imezima. Dereva aliyetuleta alikuwa ameshaondoka, kinyume na tulivyopatana. Wewe hukuuliza mengi. Ulimkalisha mama barazani, ukachomeka simu kwenye umeme wa sola, kisha ukakinga maji kwenye tangi la mvua ukamwosha matope miguuni kwa mikono yako mwenyewe. Bado naliona kopo lile la buluu, mpini wake umefungwa kwa waya. Mtoto wa kuzaa hafanyi zaidi ya hapo.

Mvua ilipopungua ulimshika mkono, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mti wa kwanza, ukamwonyesha mbega juu, mikia yao myeupe ikining'inia. Ukamweleza kwamba msitu huu ni masalio ya ule mkubwa wa mvua uliotandaa kutoka Kongo, na kwamba upande wa Buyangu ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Mama amezaliwa Shinyalu, usichanani mwake alikuja humu kuokota kuni, lakini hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza msitu wake hivyo.

Asante sana, ndugu yangu. Goti limepata nafuu. Kila mvua ikinyesha mama anakuulizia, na anakuita mwanangu.