Mwenye sonona akikiri makosa yote, msimalize kikao

Ndugu Mhariri,

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa wanandoa upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya mtu kudai talaka mahakamani. Utaratibu huo hatuupingi. Kinachotusumbua ni namna vikao vinavyoendeshwa pale mmoja wa wanandoa anapokuwa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa), iwe barazani, kwa shehe, kwa mchungaji au kwetu sisi washauri nasaha.

Kikao huanza na swali: kosa ni la nani? Mwenye sonona atajibu, "Ni langu." Kujilaumu kupita kiasi ni dalili ya ugonjwa wenyewe, sawa na kukosa usingizi. Anakiri kila tuhuma, anaahidi kila anachoombwa, wazee wanaridhika, watu wanapeana mikono. Baada ya wiki mbili hakuna ahadi iliyotimia, na sasa ameongezewa jina la mwongo.

Kuna na haraka. Sonona ikizidi hupunguza kasi ya kuwaza na kusema. Jibu laweza kuchukua sekunde kumi, na kabla hazijaisha mwenzake keshadakia: "Mnaona? Ndivyo anavyonidharau nyumbani." Msuluhishi ahesabu kimoyomoyo hadi 15 kabla ya kumruhusu mwingine kusema.

Onaneni kwanza na kila mmoja peke yake, dakika 20 zinatosha. Hapo ndipo pa kuuliza kuhusu vipigo (vikiwepo, kikao cha pamoja kisifanyike) na kuhusu kujiua. Kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema amepanga, asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kikao cha pamoja kisizidi dakika 45, na kiwe na jambo moja tu. Saa mbili asubuhi si wakati mzuri, maana baadhi ya wenye sonona huamka wakiwa hoi na kupata unafuu kadiri siku inavyosogea. Msemaji aseme sentensi mbili tatu, anyamaze. Msikilizaji arudie alichosikia, aulize "Nimekuelewa?", ndipo ajibu. Zoezi hili huharibika mtu akirudia kwa kejeli, au, mara nyingi zaidi, akibandika ushauri mwishoni: "Umesema umechoka; basi uwe unaamka mapema ufanye mazoezi." Mgonjwa hapo husikia lawama tupu.

Na lawama si jambo dogo. Mwaka 1989 watafiti Hooley na Teasdale waliwauliza wagonjwa wa sonona mwenzi wao anawakosoa kwa kiasi gani. Katika miezi tisa iliyofuata, jibu la swali hilo moja lilitabiri vizuri zaidi nani ataugua tena kuliko vipimo vyao vingine vyote. Hatusemi mwenzi ameze manung'uniko yake, naye anachoka. Abadili namna ya kuyasema tu. Badala ya "Baba Asha, umekuwa mzigo," aseme: "Baba Asha, jana na juzi hukula. Niliogopa. Leo naomba tukae mezani pamoja dakika kumi." Tukio, hofu, ombi dogo.

Mgonjwa naye aache "niko sawa". Lugha yetu inatufundisha kujibu "sijambo" hata tukiwa taabani, kwa hiyo namba husaidia: kila jioni ataje hali yake kati ya 0 na 10, na wakubaliane mapema kwamba 3, kwa mfano, maana yake ni leo tusipokee wageni.

Dawa zinahitaji maelezo mbele ya wote wawili. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na baadhi ya dawa hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mwenzi asiyeambiwa hivyo hutafuta maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi anahisi kuna mchepuko.

Tunawaomba wenyeviti wa mabaraza, kabla ya kusikiliza shauri, wamuulize kila mmoja faraghani maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, kikao kiahirishwe na mhusika aandikiwe barua ya kwenda kituo cha afya.

Washauri nasaha wa wanandoa,
Morogoro